Alfajiri Jikoni mwa Marehemu Mama

Jumatatu, 11 Machi 1996

Leo tumeanza. Nimeona niandike, kwa sababu jambo likianza vizuri kupita kiasi mimi huliogopa.

Mama Jescah, mama mkwe wangu, tulimzika mwezi uliopita. Tangu nilipoolewa hapa Shinyalu mpaka wiki ile alipolazwa, sikuwahi kuamka nikakuta jiko lake limenyamaza. Kabla ng'ombe hajakamuliwa alikuwa amekwisha kuketi, anasoma sura moja ya Biblia, anaimba ubeti mmoja, anaomba. Sisi wake wa wanawe tuliitwa. Mimi nilikuja. Alice alikuja akisinzia.

Alice ni mke wa Titus, ndugu mdogo wa mume wangu Cornelius. Huku wake wa ndugu huitana mke mwenza, ingawa kila mmoja ana mume wake na mlango wake. Mlango wake unatazamana na wangu. Akiinjika sufuria najua ni ya nini.

Jana baada ya kanisa baba mkwe wetu, Mzee Andati, alituita.

"Jiko la mama yenu limenyamaza," alisema. "Nikiamka nadhani ni mimi niliyekufa."

Kabla sijafungua mdomo Alice akajibu, "Tutaomba, Baba. Kila siku. Mimi na Mama Joash."

Mama Joash ni mimi. Ni nani aliyemtuma Alice kuniwekea ahadi? Na tangu lini yeye, aliyekuwa akiegemea ukuta na kukoroma wakati wa Zaburi, amekuwa na haraka ya maombi? Shamba la chai la Mama, lile la chini karibu na mto, bado Mzee hajasema litakwenda kwa nani. Sisemi zaidi.

Jambo lingine naliandika hapa tu. Tangu mazishi sina hamu ya kuomba hata kidogo. Nikisema "Baba yetu" ni kama naita hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Lakini leo nimeamka nimekwenda. Siwezi kumwachia Alice jiko peke yake.

Tumeanza Mwanzo, sura ya kwanza, tusome kwa zamu kama alivyofanya Mama.


Jumanne, 12 Machi

Tumeomba. Sikusikia kitu.


Alhamisi, 14 Machi

Nimefika nimekuta amekwisha kufagia jiko, hata majivu ameyatoa. Kwa nani? Mzee akipita ataona jiko safi na atauliza ni nani aliyefagia.

Kesho nitafika kabla yake.


Jumamosi, 16 Machi

Mvua imeshuka usiku kucha. Watu wote leo wamo shambani na mbegu.

Alfajiri ilikuwa zamu ya Alice kuomba. Aliombea wagonjwa, akaombea wasafiri, kisha akasema, "Na utusaidie, Bwana, sisi ambao mioyo yetu inawekanga vinyongo." Nilifumbua jicho moja. Lake lilikuwa limefumbwa vizuri kama la mtoto.

Nani ana kinyongo? Tulikuwa wawili tu jikoni.

Nami sikulala. Nilipoomba ombi la kumalizia nikasema, "Na utukumbuke, Bwana, sisi tunaopenda kuonekana na watu." Kutoka nje, ng'ambo ya ua, Mzee Andati akaitika, "Amina!" Hata sijui alikuwa anaitikia lipi.


Jumanne, 26 Machi

Leo lazima niandike kwa urefu.

Tumefikia habari ya Hajiri, yule mjakazi aliyepata mimba ya Abrahamu kisha Sara akamtesa mpaka akakimbilia jangwani. Ilikuwa zamu ya Alice kusoma. Alianza na sauti yake ya kawaida, ya haraka haraka. Alipofika pale malaika anapomuuliza Hajiri anatoka wapi na anakwenda wapi, akanyamaza. Nikangoja. Nikadhani taa imepungua mafuta. Kumbe machozi yanashuka.

"Soma wewe, Mama Joash," akasema, akanisukumia Biblia.

Nikasoma. Lakini nikisoma nilikuwa namtazama. Mtu halilii Hajiri bure. Nikawaza, anataka kusema kwamba mimi ni Sara, mke mkubwa, mtesaji? Au amejifunza kulia ili Mzee akisikia aseme, ona huyu ana roho laini? Maana mlango wa jiko ulikuwa wazi, na Mzee hulala sikio nje.

Niliporudi kwangu nikajikuta nimekasirika kwa sababu nyingine pia. Yeye alilia. Mimi nilisoma sura nzima ya Neno la Mungu kama ninayesoma karatasi iliyofungiwa sukari.


Jumatano, 3 Aprili

Tumeomba. Mvua.


Alhamisi, 4 Aprili

Tumeomba. Mvua. Alice anafuma sweta ya kijani. Ni kubwa kwa watoto wake wawili, na Titus haimwingii hata mkono. Nilipomuuliza ni ya nani akasema, "Ni ya mtu tu."


Jumatatu, 8 Aprili

Pasaka imepita. Cornelius alikuja Ijumaa kutoka kiwanda cha sukari anakofanya kazi, na leo amerudi. Kazi ya miwa inamkausha, amelala siku nzima ya Jumamosi. Nilimwambia habari za Alice: kufagia, kulia, sweta. Nikamwambia kwamba sijakosa siku hata moja.

Akaniangalia, akasema, "Roda, wewe unaomba naye ama unamlinda?"

Nikamjibu kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili.

"Anaweza," akasema, akageukia ukutani.


Ijumaa, 19 Aprili

Leo nimemwona.

Ilikuwa siku ya soko. Wanzala, yule mchuuzi anayeleta maharagwe na samaki wakavu kutoka Matete, alipita njia ya nyuma ya ghala letu la mahindi. Mimi nilikuwa ndani ya ghala natafuta kuku anayetaga huko. Nikasikia sauti ya Alice.

"Mpelekee. Mwambie avumilie kidogo."

"Anaulizanga utakuja lini," Wanzala akasema.

"Nitakuja. Titus akienda kazi ya mbali nitakuja."

Nikachungulia kwenye ufa. Alikuwa anampa furushi, na mkono wa sweta ya kijani ulikuwa unaning'inia nje. Wanzala akalitia kwenye gunia lake akaenda.

Jioni nikamuuliza Alice, kwa upole kabisa, kama soko lilikuwa na watu. Akasema hata hakwenda, na hakuona mtu yeyote.

Titus akienda kazi ya mbali! Titus ni fundi wa mawe, wakati mwingine hulala kazini Sigalagala mpaka Jumamosi. Kwa hiyo kuna mtu Matete, Wanzala ndiye mjumbe wake, na mke wa shemeji yangu anamfumia sweta. Na kila alfajiri anafumba macho mbele yangu na kusema amina!


Jumamosi, 20 Aprili

Tumeomba. Nimemwangalia mikono wakati wa kuomba. Alikuwa ameishikanisha kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe.


Jumatano, 24 Aprili

Malaria. Kichwa kinapasuka, meno yanagongana. Alfajiri nilijifunga blanketi nikavuka ua kwenye matope. Mvua ilikuwa inanyesha ya upande. Nilijua kabisa kwamba nikikosa leo, kesho Mzee ataambiwa, "Mama Joash ameanza kuchoka."

Alice aliponiona mlangoni alisimama. "Mama Joash, si ungelala!"

"Sura haijisomi," nikamwambia.

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Sikupenda macho yale. Mtu akikutazama hivyo anapima kitu.


Ijumaa, 3 Mei

Nimepona. Palizi imeanza, mgongo hauna raha. Tumeingia Kutoka. Tumeomba.


Jumatatu, 6 Mei

Tumeomba.


Jumanne, 7 Mei

Tumeomba. Natwanga kinu kitupu. Mchi unapanda, mchi unashuka, majirani wanasikia wanasema Roda anatwanga, lakini ndani hamna hata punje.

Nilidhani hamu itarudi nikivumilia. Mama alikuwa akisema moto wa kuni mbichi unataka pumzi ndefu. Nimepuliza tangu Machi, na ninachopata ni moshi machoni.


Jumapili, 12 Mei

Maximilla, kiongozi wa akina mama kanisani, alinishika mkono baada ya ibada. "Mke mwenzako anakusifu sana," akasema. "Anatuambia wewe ni nguzo. Hata na homa uliamka."

Nilitabasamu, lakini njia nzima nimekuwa nikiwaza. Kwa nini anisifu? Anayeficha kitu huwasifu wanaoweza kukiona. Anajua nilikuwa ghalani siku ile. Kuku alipiga kelele, lazima alisikia.

Maneno yalikuwa kwenye ulimi wangu. Ningemwambia Maximilla habari ya Wanzala pale pale, na kufikia Jumatano Shinyalu yote ingejua. Nikayameza. Sitasema nilimwonea huruma. Nilitaka kwanza niwe na hakika, nisije nikachekwa.


Jumamosi, 18 Mei

Alfajiri Alice akasema, "Leo tumwombee mtoto wa mtu mmoja ninayemjua. Hana amani mahali alipo."

"Mtoto wa nani?"

"Mungu anamjua."

Mungu anamjua! Basi nikaombea mtoto asiye na jina, wa mtu asiye na jina. Jioni nikamtazama kiuno akichota maji. Labda mtoto huyo bado hajazaliwa.


Jumanne, 28 Mei

Tumeomba. Mahindi yamefika kiunoni. Kiuno cha Alice ni kile kile.


Jumanne, 11 Juni

Alice hakuja.

Nilingoja jikoni mpaka nikaona haya mbele ya ukuta. Kisha Titus akapita na ndoo yake ya vifaa, akasema, "Shemeji, Alice ameenda kwao Matete jana jioni. Shangazi yake ni mgonjwa sana. Atakaa siku chache."

"Ni nani aliyekuja kumwambia?"

"Wanzala."

Nikamtazama Titus usoni, mtu wa watu, mabega yamejaa vumbi la mawe, hana habari. Nikasema pole.

Niliingia tena jikoni. Ilikuwa zamu ya Alice kusoma. Nikafungua mwenyewe, Mambo ya Walawi, sadaka za ng'ombe na njiwa na unga. Nikasoma kwa sauti, na waliosikiliza walikuwa kuku watatu. Nikafumba macho niombe. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Machi, sikuwa na mtu wa kumchungulia.

Sikupata hata neno moja. Nilitafuta nikakuta kwamba siku zote hizi nilipofumba macho nilikuwa nikimwona Alice. Nilikuja kwa ajili ya Alice, nikaamka na homa kwa ajili ya Alice. Ukimtoa Alice katika maombi yangu, hayabaki maombi.

Nilifunga Biblia nikaenda kukamua. Nimekasirika siku nzima, na sijui ni nani aliyenikosea.


Jumatano, 12 Juni

Nililala macho wazi nikijiambia, leo usiende. Nani atajua? Mzee ana kikohozi, hatoki nje. Alice hayupo. Blanketi lilikuwa na joto.

Nikaenda. Sina sababu ya kuandika hapa. Miguu ilishuka chini, ikavuka ua. Nikasoma, nikakaa kimya kidogo, nikasema, "Mungu, nimekuja. Sina kitu cha kusema." Nikarudi.


Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda. Nimesema kama jana.


Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda. Leo niliongeza: "Na Alice, popote alipo, mfunue." Nadhani hilo si ombi zuri. Lakini ni la kweli.


Jumapili, 16 Juni

Alice amerudi. Shangazi amefariki, wamemzika jana. Titus alikuwa amekwenda kwa mazishi akarudi naye. Alice amekonda uso. Nilimpelekea uji nikampa pole, akaushika mkono wangu akawa kama anataka kusema neno. Kisha Titus akaingia. Akauachia.


Alhamisi, 20 Juni

Tumeomba. Hasomi vizuri, anaruka mistari. Jana alikwenda kuulizia chumba kwa mjane mmoja karibu na soko. Nimeambiwa na huyo mjane mwenyewe. Chumba cha nani? Anataka kumwacha Titus?


Jumamosi, 22 Juni

Nitaandika polepole.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, ile ya kutoka upande wa msitu, mbingu zote zinageuka rangi ya chuma. Titus alikuwa bado Sigalagala. Alice alikuwa mtoni kwenye chai. Nikasikia mtu anabisha. Nilifungua nikakuta msichana, miaka kumi na tatu au kumi na minne, amelowa, ameshika viatu mkononi. Amevaa sweta ya kijani.

"Shikamoo, Mama," akasema. "Hapa ni kwa Alice wa Matete?"

Nilikuwa namtazama paji la uso. Lilikuwa la Alice. Mwanya wa meno ulikuwa wa Alice. Hata namna ya kusimama na uzito kwenye mguu mmoja ilikuwa ya Alice anaposubiri maji yajae. Miezi miwili nimemtafuta mwanamume katika ile sweta, na aliyekuwa ndani yake ni mtoto.

"Unaitwa nani?"

"Nekesa."

"Alice ni nani wako?"

Akainamisha macho. "Ni mamangu mdogo." Alilisema haraka, kama somo la kukariri.

Nilimwingiza. Nikampa leso ajifunge, nikamwekea obusuma, ugali wetu, na mboga zilizobaki. Alikula kwa adabu, lakini hakuacha kitu. Polepole nikapata habari. Alikuwa akikaa kwa yule shangazi. Shangazi amekufa, na wanawe wamemwambia atafute kwao. Wanzala alimwambia angoje mpaka Alice apate mahali, lakini leo asubuhi vitu vyake vilitupwa nje. Akaja sokoni na Wanzala, akaonyeshwa njia, akakosea mlango.

Naandika ukweli. Alipokuwa akila niliona nimeshika kitu kikubwa. Nikipiga hatua kumi mpaka kwa Mzee na kusema neno moja, Alice hatakuwa na shamba la chai wala mume. Mwanamke aliyeolewa kama msichana kumbe ana mtoto, naye amenyamaza miaka yote, hapa kwetu hilo halisemwi likaisha. Nililigeuza neno lile kinywani. Lilikuwa tamu, sitadanganya.

Kisha mlango ukafunguka, Alice akaingia na kikapu cha chai mgongoni. Alimwona mtoto, akaniona mimi. Hakuweka kikapu chini. Alisimama tu, maji yanamchuruzika.

"Mama Joash," akasema, "kama umekwisha kwenda kwa Baba, niambie ili nijue pa kuanzia."

"Sijakwenda."

Aliketi sakafuni na kikapu chake, na yule mtoto akaacha sahani akaenda kukaa kando yake, wala hakumwita mama mdogo. Alimwita Mama.

Alice akanieleza. Alimzaa akiwa shuleni, aliyempa mimba hakumtaka, wazazi wake wakamkabidhi shangazi ili yeye apate kuolewa. Titus hajui. Mtu mmoja tu hapa nyumbani alijua.

"Mama Jescah," akasema. "Alinikuta nikilia mwaka ule wa kwanza. Sikuweza kumdanganya. Hakumwambia mtu, na kila alfajiri nilipokuwa nasinzia pale ukutani, yeye alikuwa akimtaja mtoto wangu moyoni. Alikuwa akinigusa mguu kwa mguu wake, chini chini, nijue amefika kwenye jina la mtoto."

Niliumia kusikia hivyo. Nimekaa na Mama miaka mingi kuliko Alice, na hakuwahi kunidokezea. Nikawaza, hata wewe, Mama? Lakini nikawaza tena kwamba pengine aliujua ulimi wangu.

"Alipokufa," Alice akaendelea, "hakuna aliyebaki wa kumtaja. Ndiyo maana Baba alipouliza nilijibu upesi. Nilitaka mahali pa kuja na jina lake. Lakini Mama Joash, nilichoka mapema. Nilikuwa naomba na hali inazidi kuwa mbaya. Asubuhi nyingi nilisema leo siendi, Mungu hanisikii. Halafu nakuona wewe unavuka ua. Siku ile una homa, umejifunga blanketi, mvua inakupiga. Nikasema, kama Roda anampenda Mungu namna hii, mimi ni nani nilale? Nimeshikilia kwako tu."

Ningeweza kunyamaza. Ningebaki nguzo mpaka kufa.

"Alice," nikasema, "nilikuwa nakuchunguza."

"Nini?"

"Sikuja kwa Mungu. Nilikuja kukulinda usipate sifa kwa Baba. Usipate chai. Nilidhani una mwanamume Matete. Siku ya homa niliogopa utanisema."

Alinitazama. Nilidhani atanitemea mate. Badala yake kicheko kilimtoka tumboni, akacheka mpaka akashika ukuta, na mtoto akashangaa, nami nikaanza kucheka nikiwa na aibu, mpaka kicheko chake kikawa kilio na changu pia. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hakuna aliyetusikia.

Nekesa amelala kwangu. Nimemwambia Mzee ni msichana wa kwao Alice aliyenyeshewa. Mpaka hapo si uongo.


Jumatatu, 24 Juni

Alice alisema hatafanya siri tena. Alisema atasema yote pale pale jikoni, alipozoea kumtaja mtoto moyoni. Alfajiri akamwita Titus na Mzee. Nilisoma sura mimi. Kisha Alice akasimama akasema yote, akamwonyesha mtoto wake.

Titus hakupiga kelele. Ningependelea apige. Alimtazama mtoto, akamtazama mkewe, kisha akanigeukia mimi.

"Nawe, shemeji, ulijua?"

"Tangu Jumamosi."

"Miezi yote hii mko humu ndani kabla ya jua. Mlikuwa mnaomba ama mlikuwa mnapanga?"

Mtu aliyedanganywa mara moja huona uongo hata kwenye chumvi. Mimi nalijua hilo kuliko yeye.

Mzee Andati akasema mtoto wa mwanamume mwingine hawezi kulala katika nyumba ya Titus, mume wa mama yake, desturi hairuhusu. Kuhusu maombi hakusema neno.

"Basi atalala kwangu," nikasema. "Wanangu wako shule ya bweni, vitanda vyao viko vitupu mpaka shule zifungwe."

"Cornelius amekubali?"

"Atakubali."

Titus alichukua ndoo yake ya vifaa akaenda Sigalagala bila chai.


Jumamosi, 29 Juni

Cornelius amekuja. Nilimweleza yote akiwa bado na viatu. Akauliza kama mtoto anasoma. Nikamwambia darasa la saba. Akasema Jumatatu nimpeleke shule ya msingi hapa karibu.

Titus hakurudi wiki hii.


Ijumaa, 5 Julai

Tumeomba, sisi wawili na Nekesa. Alice ana uso wa mtu aliyefiwa. Kanisani wanatupisha njia kwa heshima ya kutisha. Maximilla alisema, "Mungu awatie nguvu," na macho yake yakauliza maswali kumi.


Jumapili, 14 Julai

Titus amerudi. Anakula, hasemi. Anamuuliza Alice vitu kama askari: ulikuwa wapi, ulionana na nani, hiyo sauti ni ya nani. Hata mimi ananitazama nikipita na ndoo. Sasa ndiyo najua macho yangu yalikuwa namna gani tangu Machi.

Bado sina ile hamu. Nilidhani baada ya mambo haya moyo utawaka. Hauwaki. Lakini jana nikiomba nilimtaja Titus, na nilimwona Titus, si mimi ninavyomhukumu Titus. Lilikuwa neno moja tu. Nimeliandika.


Jumanne, 23 Julai

Tumeomba. Mahindi mabichi ya kwanza. Nekesa alimpelekea Mzee Andati mawili ya kuchoma. Alipokea, hakumrudisha.


Jumatano, 31 Julai

Leo asubuhi mvua ilikuwa nyembamba, ya ukungu. Tuko kwenye Hesabu, pale wanapohesabiwa koo kwa koo, majina matupu ukurasa baada ya ukurasa. Ilikuwa zamu ya Nekesa. Alikuwa akijikwaa kwenye kila jina, na Alice anamsahihisha.

Nikaona kivuli kwenye ufa wa mlango. Mtu amesimama nje chini ya ukingo wa nyasi, anasikiliza. Nilijua ni Titus. Nilijua pia amekuja kufanya nini: amekuja kuhakikisha kama kweli tunaomba. Alice alimwona, akakauka.

Nikainuka nikafungua mlango.

"Ingia, shemeji. Unanyeshewa."

"Sikuja kuomba," akasema, bila kunitazama.

"Najua. Hata mimi nilipoanza sikuja kuomba. Ingia tu."

Alisimama kidogo. Kisha akainamisha kichwa asigonge kizingiti, akaingia, akaketi kwenye gunia karibu na mlango, mbali nasi, kofia bado kichwani. Nekesa alikuwa ameweka kidole kwenye mstari.

"Endelea," nikamwambia.

Akaendelea. Alipofika kwenye jina gumu akakwama, na kabla Alice hajasema, Titus akalitamka kutoka mlangoni, chini chini. Mtoto akalirudia baada yake, akaenda kwenye jina lililofuata.

Alibaki mpaka amina.